Kambamiti, Mwani na Dawa

Kambamiti wa Bagamoyo akishamenywa, ganda lake huishia jalalani. Humo ndani mna kitini, polima ya sukari zilizoungana kama mnyororo. Ganda likioshwa kwa asidi, chokaa hutoka. Likichemshwa kwa kostiki soda kali, kitini hugeuka kitosani, inayoyeyuka hata kwenye siki. Ikiyeyuka hubeba chaji chanya, na kwa kuwa chembe nyekundu za damu zina chaji hasi, huzinasa na kuziba jeraha. Bandeji ya kitosani iliruhusiwa Marekani mwaka 2002, ikaenda vitani Iraki na Afghanistani.

Sasa twende Mlingotini, kusini mwa mji wa Bagamoyo. Bamvua likifika na maji yakipwa, kina mama huingia kufunga vipande vya mwani kwenye kamba za nailoni zilizowambwa kati ya vigingi. Aina iitwayo kotonii ina bei nzuri lakini hufa bahari ikipata joto. Ile iitwayo spinosamu huvumilia zaidi. Mwani huu una karajinani, polima ya sukari iliyojaa salfeti, kwa hiyo chaji yake ni hasi.

Ganda na mwani, basi, huvutana. Dondosha kitosani kwenye karajinani, zitashikana papo hapo na kufanya vijichembe vinavyofungia dawa ndani, bila moto wala kemikali za sumu. Kwa dawa dhaifu kama insulini, hilo ni jambo kubwa mno. Mwilini, kimeng'enya cha lisozaimu, kilichomo hata katika machozi na mate, huikatakata kitosani taratibu, na dawa hutoka kidogo kidogo. Karajinani ina shida yake: ikidungwa chini ya ngozi huleta uvimbe. Ndiyo maana watafiti huielekeza zaidi kwenye dawa za kumeza, za puani na za vidonda.

Karajinani ya spinosamu tayari hutumika kutengeneza maganda laini ya vidonge yasiyo na jelatini ya nguruwe, na dawa ya mafua ya kupuliza puani inayouzwa Ulaya. Sisi Watanzania, sehemu kubwa ya mwani wetu tunauuza mkavu na ghafi. Inaniuma, kwa sababu Bagamoyo hiihii ina kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara, kilichoshiriki majaribio ya chanjo za malaria RTS,S na R21. Wataalamu wa kupima dawa kwa binadamu wapo, na mwani upo. Kazi ya kati ndiyo inayodai fedha: kuisafisha karajinani mpaka isibaki na metali nzito wala vijidudu, na kila gunia liwe sawa na lililotangulia.