Vitabu vya Bure vya Intaneti, na Shule Isiyo na Mtandao

Mtoto wa darasa la pili aliyekwisha jifunza kuunganisha silabi hahitaji kuambiwa tena a-e-i-o-u. Ahitaji kusoma. Ahitaji hadithi fupi nyingi, zenye picha, azisome leo na kuzirudia kesho mpaka jicho na ulimi vizoee. Akikosa, alichokipata darasa la kwanza humtoka polepole, na akifika darasa la nne mwalimu husema mtoto huyu ni mzito wa kichwa. Baba naye huafiki, maana amemwona akikwama kwenye mstari mmoja. Kumbe katika miaka yote ile mtoto hakuwahi kushika kitabu zaidi ya kile kimoja cha kiada, tena kwa zamu, wenzake wanne wakichungulia begani.

Wasomaji wapenzi, habari ya intaneti hutufikia vijijini kwa sura mbaya. Twasikia picha chafu, kamari, na fitina za watu wasiojulikana. Mambo hayo yapo kweli, na mzazi anayeyaogopa ana haki. Lakini humo humo zimo maktaba kamili zilizofunguliwa na watu wenye nia njema, wasiodai hata senti moja kwa vitabu vyao. Kinachotushinda ni bando, na umeme, na kutokujua mlango uko wapi. Kwa sababu hiyo twataka kutaja hasa vile vitu ambavyo mwalimu aweza kuvichukua mara moja akiwa mjini penye mtandao mzuri, akarudi navyo, akavitumia mwaka mzima pasipo kununua bando tena.

HADITHI ZA WATOTO

Mlango wa kwanza ni African Storybook. Kazi hiyo ilianzishwa na shirika liitwalo Saide, lililoko Johannesburg katika Afrika Kusini, na maktaba yake ya intaneti ilifunguliwa mwaka 2014. Humo mna hadithi za watoto kwa lugha za Afrika zaidi ya 100. Kiswahili kimo, Kizulu kimo, na Kiganda, na Kimaasai, na Kiturkana. Hadithi zenyewe ni za mbuzi, za bibi, za kisima, za mtoto aliyepotea sokoni. Mambo ambayo mtoto wetu ayajua kabla ya kufunua ukurasa. Hilo si jambo dogo. Mtoto anayesoma habari za theluji hupambana na adui wawili pamoja, yaani herufi na theluji.

Hadithi zimepangwa kwa madaraja matano. Daraja la kwanza lina neno moja moja chini ya picha. La pili ni sentensi fupi, la tatu aya fupi, la nne aya ndefu zaidi, na la tano ni hadithi za mwalimu au mzazi kusomea watoto kwa sauti. Mwalimu aliyepitia chuo ataona mara moja faida ya mpango huu: haimlazimu kukisia ni kitabu gani cha mtoto gani.

Je, kuzichapa si wizi? Swali zuri. Hadithi hizi zimetolewa chini ya hati iitwayo Creative Commons, ambayo huruhusu watu kuzinakili, kuzichapa, hata kuzitafsiri, mradi jina la aliyetunga na la aliyechora picha yabaki palepale. Nyingine zaongeza sharti kwamba usizifanyie biashara. Basi mwalimu asiyafute majina kwenye jalada, wala asiuze kijitabu kwa faida, na hatakuwa amemkosea mtu.

Sasa hesabu ya karatasi, maana hapo ndipo wazazi wanapoingia. Karatasi moja ya A4 ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa katikati hutoa kurasa nne. Hadithi ya kurasa 12, pamoja na jalada, yafanya kurasa 16, yaani karatasi nne tu, na pini mbili za stepula mgongoni. Ream moja ina karatasi 500. Kwa hiyo ream moja yatoa vijitabu 125. Ukichagua hadithi 25 na kuchapa nakala tano za kila moja, umepata maktaba ya darasa zima: watoto wa kundi moja wasome hadithi moja pamoja, na kesho wabadilishane na kundi la pili. Wino nao una gharama yake, twajua, lakini picha nyingi zasomeka vizuri hata zikichapwa kwa rangi nyeusi peke yake. Mkutano wa wazazi ukichanga ream mbili na chupa ya wino, umefanya kazi ambayo watoto wataiona kwa macho juma lile lile. Mahali pasipo mashine ya kuchapa shuleni, ofisi ya kata au ya parokia mara nyingi inayo. Kuuliza si aibu.

Jambo moja twapenda kulisema wazi. Tafsiri nyingine za Kiswahili zilizomo humo zimefanywa na watu wa kujitolea, na si zote zilizonyooka. Utakuta ngeli imekwenda kombo au neno limekatwa vibaya. Mwalimu asichape kitu asichokisoma kwanza mwenyewe, tangu mwanzo hata mwisho. Maktaba yenyewe yampa ruhusa ya kutengeneza toleo lake lililosahihishwa, au hata kuandika hadithi mpya aliyosimuliwa na wazee wa kijiji chake. Na hili la mwisho ndilo tunalolipenda kuliko yote.

KWA MWALIMU MWENYEWE

Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba yake ya mtandao, ambamo vitabu vya kiada vinavyotumika shuleni husomwa bila malipo. Mwalimu aliyehamishiwa shule yenye nakala mbili tu za kitabu cha sayansi aweza kuandaa somo kutoka humo katika simu yake.

Lakini hazina ambayo twaona haitumiki vya kutosha iko kwa Baraza la Mitihani. Watu wote hukimbilia mtandao wa Baraza siku ya matokeo, wakaangalia namba ya mtoto, wakaondoka. Mle mle Baraza huweka taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Taarifa hizo hueleza swali kwa swali: lilitaka nini, wangapi walilipata, wangapi walilikosa, na kosa lilitoka wapi. Yamo hata majibu yaliyoandikwa kwa mkono na watahiniwa wenyewe, jibu zuri na jibu bovu, pasipo majina. Mwalimu wa hisabati anayesoma taarifa hiyo hugundua, mathalan, kwamba watoto walijua kugawanya ila hawakuelewa Kiswahili cha swali. Hapo ajua afundishe nini muhula ujao. Ni afadhali saa mbili za kusoma taarifa moja kuliko kununua mitihani ya kubuni inayouzwa vichochoroni, ambayo wakati mwingine majibu yake yenyewe si sahihi.

Walimu wengine siku hizi huziomba programu za akili bandia, kama ChatGPT iliyotokea Novemba 2022, ziwatungie maswali ya mtihani. Zasaidia kwa mtu anayejua somo lake. Kwa asiyejua ni hatari, maana husema uongo kwa sauti ile ile ya kusema kweli, na Kiswahili chake mara nyingine huchekesha.

KAMUSI ELEZO BILA BANDO

Wengi wamekwisha sikia Wikipedia, kamusi elezo inayoandikwa na watu wa kujitolea ulimwenguni pote. Ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Wasichojua wengi ni kwamba yaweza kusomwa pasipo intaneti kabisa, kwa programu iitwayo Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007. Kazi yake ni rahisi kuieleza. Unaiweka programu katika simu au kompyuta, kisha unapakua Wikipedia yote kama faili moja. Tangu hapo unatafuta na kusoma kana kwamba una mtandao, hata ukiwa bondeni penye giza.

Ya Kiingereza pamoja na picha zake ni mzigo mkubwa, yafika GB 100 hivi, nayo haiingii katika simu za kawaida. Ya Kiswahili ni ndogo kuliko hiyo mara nyingi sana, tena faili moja likifika kijijini laweza kupita toka simu hata simu kwa memori kadi au flashi, pasipo mtu wa pili kulipia bando. Makala zake si sawa zote. Za nchi, miji, wanyama na watu mashuhuri zafaa. Nyingine ni mistari miwili mitatu tu. Mwalimu aipime kwanza, halafu awape wanafunzi wa darasa la sita kazi ya kutafuta humo.

Shule za sekondari zisizo na maabara zaweza kuchukua pia PhET. Haya ni majaribio ya sayansi ya kuchezea kwenye kioo cha kompyuta, yaliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Colorado katika Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001. Mwanafunzi huunganisha betri, waya na taa, akaona mkondo wa umeme ukipita, na akikosea hakuna kinachoungua ila picha. Majaribio hupakuliwa na kutumika bila mtandao, na baadhi yamekwisha tafsiriwa kwa Kiswahili.

KABATI NA DAFTARI

Tumebakiwa na mtunza maktaba wa shule, ambaye kwa kawaida ni mwalimu aliyepewa ufunguo juu ya kazi zake nyingine. Ipo programu ya bure ya kuendesha maktaba iitwayo Koha. Ilitengenezwa New Zealand na kuanza kazi mwaka 2000, na jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Ni chombo kizuri kwa chuo au seminari yenye maelfu ya vitabu na kompyuta isiyozimika. Kwa shule ya msingi yenye vijitabu 125 twasema bila kusita: tumieni daftari.

Daftari lenyewe liwe na safu tano: namba ya kitabu, jina lake, jina la mtoto, tarehe ya kuchukua na tarehe ya kurudisha. Madaraja ya hadithi yaonyeshwe kwa ukanda wa rangi mgongoni, kijani kwa daraja la kwanza, manjano kwa la pili, na kuendelea. Mtoto asiyejua kusoma bado ajua rangi. Mkuu wa maktaba awe mwanafunzi wa darasa la sita au la saba, na kabati lisifungwe mchana. Twajua hofu ya walimu kwamba vijitabu vitachanika. Vitachanika kweli. Lakini faili bado limo katika simu ya mwalimu, na kijitabu kipya ni karatasi nne tu.

Mwishoni mwa daftari hilo hilo mwalimu aandike orodha ya mafaili aliyopakua na siku aliyoyapakua. Faili la Kiwix huwa na mwaka na mwezi ndani ya jina lake. Likipita miaka miwili, atakayekwenda mjini kwa safari nyingine apewe memori kadi aje na jipya, kwa sababu hata mawaziri waliotajwa humo watakuwa wamekwisha badilika.