Je, Wajua? Kadi ya Sauti Inayokufa na Kufufuka

Je, wajua kwamba kadi ya sauti iliyokufa kabisa ndiyo isiyosumbua? Unaipuuza, unachomeka ya USB, maisha yanaendelea. Yenye kuumiza kichwa ni ile inayoimba Jumapili, ikanyamaza Jumatatu, na Jumanne ikarudi bila mtu kuigusa. Maiti hafufuki kila Jumanne. Ndiyo maana kompyuta yenye Linux ikianza mchezo huo wa sauti kuja na kuondoka, mimi siulizi tena kitu gani kimeharibika. Nauliza jana na leo zimetofautiana wapi.

Swali hilo alinifunza jirani yangu, mwalimu mstaafu wa hesabu. Ana kompyuta ya mezani ya mtumba, na kila asubuhi huiwasha asikilize taarifa ya habari ya saa moja. Asubuhi nyingine iliamka bubu. Nilipofika kwake, hata kabla shikamoo haijaitikiwa vizuri, nikawa nimeshatoa ule ushauri wa mafundi wote: zima, washa tena.

"Nimezima na kuwasha, mwanangu," akasema. "Mara inasaidia, mara haisaidii. Hiyo si dawa, hiyo ni bahati nasibu."

Kisha akanifungulia daftari. Siku kumi na mbili, kila siku na mstari wake. Tisa zina alama ya vema, tatu zina mkasi wa wino mwekundu.

Je, wajua kwamba Linux huzipa kadi za sauti namba kuanzia sifuri, na kwamba namba hizo hazina hatimiliki? Kompyuta nyingi zina kadi mbili bila mwenyewe kujua: ya kwenye ubao mama, inayolisha spika na hedifoni, na nyingine iliyo upande wa picha, inayopeleka sauti kwenye televisheni kwa waya wa HDMI. Mashine inapowaka, viendeshi hupakiwa karibu kwa pamoja, na anayewahi ndiye anayechukua sifuri. Leo huyu, kesho yule. Hata kile kispika kidogo cha kupiga "pii" kinaweza kujiingiza kwenye foleni na kujiita kadi namba sifuri, kama kiendeshi chake cha `snd_pcsp` kimepakiwa.

Basi nikampa mwalimu kazi ya nyumbani: kila asubuhi, kabla ya chai, afungue terminali, aandike `aplay -l`, anakili mstari wa kadi ya kwanza. Siku yenye sauti daftari lilisomeka `card 0: PCH`. Karibu kila siku ya ububu, `card 0: HDMI`. Programu yake ya redio ilikuwa imeamriwa, na sijui nani, itumie kadi namba 0. Asubuhi hizo ilikuwa ikibisha hodi kwenye mlango wa televisheni ambayo mwalimu hata hana. Tiba ilikuwa kufuta tarakimu na kuandika jina: palipoandikwa `plughw:0` pakawa `plughw:PCH`. Jina halibadiliki hata foleni ikipangwa upya.

Hilo lilieleza asubuhi zote bubu za kazi ile, isipokuwa moja. Hiyo tutairudia.

Je, wajua kwamba ugomvi wa vifaa kunyang'anyana nafasi ni mkongwe kuliko Linux yenyewe? Kampuni ya Creative ya Singapore ilitoa Sound Blaster mwaka 1989, miaka miwili kabla Linus Torvalds hajatangaza kerneli yake kutoka Helsinki. Kadi zile za mwanzo zilitoka kiwandani zikitumia mstari wa IRQ 7 kuiita prosesa, na mstari huohuo ndio uliokuwa wa printa. Watu walihamisha vijipini vidogo kwenye kadi kwa mkono kuepusha balaa. Kwa upande wa Linux, kiendeshi cha Sound Blaster kiliandikwa na Hannu Savolainen, Mfini mwenzake Torvalds, mwaka 1992. Mwaka 1994 Torvalds mwenyewe akarekodi mafaili mawili mafupi ya sauti akieleza jinsi anavyolitamka jina "Linux", moja kwa Kiingereza na moja kwa Kiswidi, lugha yake ya nyumbani. Red Hat walikuja kuitumia sauti hiyo kwenye chombo chao cha kusanidi kadi, `sndconfig`. Ukimsikia Linus, kadi imekubali. Sijui kama kuna mfumo mwingine uliowahi kupimwa afya kwa sauti ya aliyeuanzisha.

Toka hapo njia imerefuka. Mwaka 1998 Jaroslav Kysela wa Ucheki alianzisha ALSA, akianzia na kiendeshi bora cha kadi aina ya Gravis Ultrasound, na kerneli 2.6 ya Desemba 2003 ikaifanya kuwa mfumo wake rasmi wa sauti. Mwaka 2004 Lennart Poettering akaanza kazi iliyokuja kuitwa PulseAudio, ya kuchanganya sauti za programu nyingi zinazotaka spika moja. Halafu Wim Taymans akaja na PipeWire, iliyoanza kwa ajili ya video, na Fedora 34 ya mwaka 2021 ikaikabidhi sauti yote. Kwa hiyo wimbo unaotoka kwenye kivinjari leo hupita mikono kadhaa kabla ya kufika kwenye waya. Sauti ikikatika, kadi ndiyo inayolaumiwa, kwa sababu ndiyo yenye jina linalofahamika.

Kuisafisha kadi jina lake ni rahisi. Sauti ikipotea, usiizime kompyuta. Andika `systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse`. Amri hiyo huwasha upya tabaka la kati peke yake; kadi na kiendeshi chake hubaki palepale. Sauti ikirudi, anza kumchunguza mtu wa kati. Njia nyingine ni kuchomeka kile kiadapta cha USB cha bei ya chini: kikilia wakati spika za ndani zimenyamaza, mikono ya juu ni mizima na tatizo liko chini, kwenye kadi, kiendeshi au waya.

Je, wajua kwamba kuwasha upya haraka ni kufuta nyayo za mwizi? Kerneli huandika inayoyaona, na `journalctl -k` hukusomea. Ukiwa umeshawasha upya kwa pupa, ongeza `-b -1` upate kumbukumbu za mara iliyopita, mradi mfumo wako unazihifadhi kwenye diski. Tafuta mistari yenye `snd` au `hda`. Mmoja ninaoupenda husema kuwa chipu ya sauti imechelewa kujibu, hivyo kiendeshi kimeacha kungoja kuitwa na sasa kitakuwa kikienda kuchungulia chenyewe. Ukiuona huo saa ileile sauti ilipokatika, umepata wa kumhoji.

Je, wajua kwamba kadi yako hulala usingizi katikati ya kazi? Chipu zinazofuata mpango wa HD Audio, uliotolewa na Intel mwaka 2004, zinaweza kuzimwa umeme zikikaa kimya kwa sekunde kadhaa, na PipeWire nayo kwa kawaida huisitisha kadi baada ya sekunde 5 bila kazi. Kuamka huchukua muda. Matokeo yake huwatatiza watu: wimbo wa dakika nne unapiga vizuri, lakini mlio wa "ting" wa ujumbe hausikiki kabisa, kwa kuwa umeshaisha kabla kadi haijafumbua macho. Mwingine husikia "ku!" kwenye spika kila baada ya kimya. Jipime kwa kuandika `0` kwenye faili `/sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save` ukiwa na mamlaka ya msimamizi. Sifuri maana yake usilale. Ugonjwa huu umezoeleka mpaka kerneli ina orodha yake ya mashine ambazo haizilazi.

Je, wajua kwamba kukwaruza si sawa na kukatika? Sauti hutolewa kwa mafungu. Fungu la sampuli 1,024 kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde lina sauti ya milisekunde 21 tu na kidogo. Kupepesa jicho mara moja kunakula mafungu kama hayo matano au zaidi. Prosesa ikichelewa kuleta fungu linalofuata, spika haina cha kusema, na hapo ndipo unaposikia mkwaruzo. Wenye fani huita tukio hilo `xrun`. Andika `pw-top` uangalie safu ya `ERR`: namba ikipanda kila unapofungua kurasa kumi za kivinjari, usibadili kadi. Ongeza ukubwa wa fungu, au funga kurasa.

Je, wajua kwamba mtoto wako anaweza kukunyang'anya sauti bila kugusa spika? Katika Linux za siku hizi ruhusa ya kutumia kadi hupewa aliyekaa kitini. Ukiacha muziki unapiga, kisha mwanao akabadilisha mtumiaji na kuingia kwa jina lake, ruhusa humfuata yeye na muziki wako hunyamaza. Wapo watakaokushauri ujiweke kwenye kundi la `audio`. Ni ushauri wa zamani, na mimi siupendi: sasa watumiaji wawili wanaweza kuing'ang'ania kadi moja, na atakayekuta imeshikwa ataambiwa kifaa kina shughuli. Ukitaka kujua aliyeishika, `fuser -v /dev/snd/*` itakutajia programu.

Kuna pia mambo yasiyo na programu ndani yake. Tundu la hedifoni ni mtoto wa plagi za mitambo ya simu ya karne ya 19, zile ambazo opereta alichomeka na kuchomoa kuunganisha wateja. Leo ndani yake kuna kiswichi kinachoiambia kompyuta kwamba hedifoni zimeingia, nayo ikazima spika. Kiswichi kikiingia vumbi au kutu, na wakazi wa pwani tunajua hewa ya chumvi inavyokula shaba, kompyuta huamini hedifoni zimo hata kama ziko kabatini. Nimeiona kwa macho yangu: laptopu mezani, tundu tupu, nikaandika `amixer -c 0 contents | grep -A 2 Jack`, na chini ya `Headphone Jack` pakasomeka `values=on`. Nikachomeka na kuchomoa pini mara kumi hivi. Ikageuka `off`, spika zikalia. Kesho yake ikarudia. Tiba ya muda ilikuwa kuingia `alsamixer` na kuizima `Auto-Mute Mode`. Ya kudumu ilihitaji fundi wa lehemu.

Joto nalo lina zamu yake. Kiungo cha lehemu kilichopasuka kinaweza kugusa mashine ikiwa baridi na kuachana ikipata moto. Sauti inayopotea kila mara baada ya nusu saa, na kurudi mashine ikipoa, haina haja ya amri yoyote ya terminali.

Je, wajua kwamba Windows inaweza kuinyamazisha Linux ikiwa imeshaondoka? Kwenye baadhi ya mashine zenye mifumo miwili, ukitoka Windows kwa kuwasha upya moja kwa moja, chipu ya sauti hubaki katika hali ambayo kiendeshi cha Linux hakiijui. Ukizima kabisa, ukachomoa waya wa umeme kidogo, ndipo uwashe, yote huwa sawa. Ule uwashaji wa haraka wa Windows huzidisha tatizo, maana "kuzima" kwake si kuzima kamili. Hapa daftari lingekuonyesha kwa wiki moja tu: kila siku bubu ilitanguliwa na Windows.

Ukiona mahali pa kadi pameandikwa `Dummy Output`, hilo ni jambo jingine: mfumo haujaona kadi yoyote ukaweka sanamu. Kwenye laptopu za miaka ya karibuni mara nyingi kilichokosekana ni fayamwea ya Sound Open Firmware, mradi ulioanza 2018. Weka kifurushi chake, washa upya.

Ama ile siku moja ya mwalimu iliyobaki. Daftari lilisema `card 0: PCH`, kama siku njema zote. Tukasoma kumbukumbu za kerneli, safi. Tukawasha upya tabaka la kati, kimya. Tukaandika `speaker-test`, na mita ya sauti kwenye skrini ikacheza kama kawaida huku chumba kikiwa kimya. Mwalimu akavaa miwani, akainama chini ya meza, akakaa huko kitambo. Alipoinuka alikuwa anacheka. Mjukuu wake, aliyekuja kulala wikiendi ile, alikuwa amekizungusha kitufe cha spika mpaka mwisho wa kushoto. Akachukua kalamu nyekundu, na mbele ya tarehe hiyo akaandika jina la mtoto.