Kusi, Kaskazi na Malisho ya Bahari

Msimu wa kaskazi, siku ambazo bahari imelala shwari kati ya Unguja na Bara, mvuvi huweza kukuta michirizi ya kahawia imetanda juu ya maji. Kwa mbali hufanana na unga wa mbao uliomwagwa na mafundi wa majahazi. Ukiichota kiganjani unaona vinyuzi vifupi vya rangi ya majani makavu. Ni bakteria hao, jina lao la kitaalamu Trichodesmium, na kazi yao ni kubwa: huchukua nitrojeni ya hewa iliyoyeyuka majini wakaigeuza kuwa mbolea. Bahari inajitilia mbolea yenyewe mbele ya macho yako.

Trichodesmium ni ukoo mmoja tu wa fitoplanktoni, viumbe wadogo wanaoelea na kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama ufanyavyo muhindi shambani. Takriban nusu ya usanisinuru wote wa dunia hufanyika baharini kwa juhudi zao. Wamo diatomu, ambao ukiwatazama kwa hadubini unaona kila mmoja amejifungia ndani ya kijisanduku cha kioo chenye nakshi. Yumo pia Prochlorococcus, aliyegunduliwa miaka ya 1980. Upana wake haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita, na tone moja la maji ya bahari ya tropiki laweza kubeba maelfu yake. Vijidudu vinavyoelea huwala hawa, dagaa wakala vijidudu, vibua na jodari wakala dagaa. Hata papa potwe wa Mafia, aliye mkubwa kuliko samaki wote, hula vijikamba vilivyonona kwa malisho hayo.

Fitoplanktoni wanahitaji mwanga na mbolea, na hapo ndipo penye mtihani. Mwanga uko juu, ilhali mbolea iko chini, kwa kuwa kila kinachokufa huzama na kuozea kilindini. Anayeikoroga bahari ni upepo. Kusi linapovuma kwa nguvu pwani ya Somalia, husukuma maji ya juu kwenda mbali na ufuko, na maji baridi yenye virutubisho hupanda kushika nafasi yake. Bahari hubadilika rangi ikawa ya kijani, na samaki hufuata.

Sasa fikiria maji ya juu yakizidi kupata joto. Aliyewahi kujitosa kutoka kwenye ngalawa mchana wa jua kali anajua: kifuani maji ni vuguvugu, miguuni ni baridi. Maji ya joto ni mepesi, hivyo hukaa juu kama kifuniko cha sufuria, na kadiri joto linavyoongezeka ndivyo upepo unavyoshindwa kukifunua. Katika miezi ya kusi, joto la maji ya juu ya Bahari ya Hindi ya magharibi lilipanda kwa takriban nyuzi 1.2 za Selsiasi kati ya 1901 na 2012. Mwaka 2016, kundi la wanasayansi likiongozwa na Roxy Mathew Koll wa India lilieleza kwamba fitoplanktoni wa upande huu wa bahari wamepungua kwa hadi asilimia 20 katika miongo sita.

Hawapungui wote kwa kiasi kimoja. Diatomu ni wakubwa na wanahitaji mbolea nyingi, kwa hiyo huumia mapema. Wadogo kama Prochlorococcus huridhika na kidogo, nao hubaki. Mtu anaweza kusema basi si neno, kijani bado kipo. Neno lipo. Chakula kinachoanzia kwa kiumbe mdogo mno hupita midomo mingi kabla ya kumfikia samaki wa kuvuliwa, na kila mdomo hutumia sehemu kubwa ya nguvu iliyomo. Mwisho wa mnyororo, nyavu zinapanda nyepesi.

Tazama yaliyotokea Bahari ya Arabu, inakotoka kaskazi iliyowaleta mababu na majahazi yao kutoka Omani. Zamani upepo huo, ukishuka mkavu na baridi kutoka upande wa Himalaya, ulipoza maji ya juu yakazama, yale ya chini yakapanda na diatomu wakastawi. Tangu miaka ya 2000 nafasi yao wakati wa baridi imeshikwa na Noctiluca, kiumbe wa kijani anayeonekana kwa macho kama mbegu ndogo. Yeye humeza wenzake, na papo hapo hulishwa na vijimwani vinavyoishi ndani ya mwili wake na kutumia mwanga wa jua, hivyo uhaba wa mbolea haumtishi. Samaki wengi hawamli. Wanaofaidi zaidi ni viwavi wa baharini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliyahusisha mabadiliko hayo na kupungua kwa theluji ya Himalaya: upepo unafika ukiwa na joto na unyevu zaidi, na nguvu yake ya kuikoroga bahari imepungua.

Theluji ya mlima wa mbali imegusa chakula cha samaki wa Omani. Nasi tunaishi kwenye pepo hizohizo. Tiba kubwa ni kupunguza gesi zinazoipasha dunia joto, na mzigo huo ni wa nchi zenye viwanda vingi kwanza. Lakini kupima joto na rangi ya maji yetu mwezi hadi mwezi, na kuwauliza wavuvi wanachokiona na kukiandika, ni kazi ya vyuo vyetu, idara zetu za uvuvi na vikundi vyetu vya pwani. Mkulima hukagua malisho kabla mifugo haijakonda. Bahari nayo inastahili kukaguliwa vivyo hivyo, sasa.