Maadili ya Tiba na Baiolojia Barani Ulaya na Suala la Fuvu la Nduna Songea Mbano
Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizotokana na kesi ya madaktari wa Kinazi, zilifanya ridhaa ya hiari kuwa sharti la msingi la utafiti kwa binadamu. Mkataba wa Oviedo wa mwaka 1997 uliongeza kwamba maslahi ya binadamu hutangulia yale ya jamii au sayansi pekee. Kabla ya hapo, mafuvu mengi yalichukuliwa kutoka makoloni kwa ajili ya utafiti wa mbari. Mjini Songea, ukoo wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, ungali unadai fuvu lake, linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Rais Steinmeier aliomba radhi mjini humo mwaka 2023. Hivyo, kanuni ya utu haitatimia iwapo itawalinda walio hai pekee.