Zebaki katika Vizibo vya Meno: Kati ya Kipimo na Madhara

Amalgamu inayotumika kuziba meno huwa na zebaki kwa takriban nusu ya uzito wake. Sehemu iliyobaki hasa ni fedha, bati na shaba. Mtu anapotafuna, mvuke kidogo wa zebaki hutoka katika kizibo, naye huuvuta hadi mapafuni, ambako takriban asilimia 80 yake huingia katika damu. Kwa hiyo hoja si kama zebaki huingia mwilini, bali kama kiasi hicho hudhuru, tofauti ambayo mijadala mingi huisahau.

Katika jaribio lililofanyika Lisbon, Ureno, watoto 507 wenye umri wa miaka 8 hadi 10 walifuatiliwa kwa miaka 7. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionesha kuwa waliozibwa kwa amalgamu walikuwa na zebaki zaidi katika mkojo, lakini hawakutofautiana kwa kiwango cha maana na waliozibwa kwa rizini katika kumbukumbu wala umakini. Ushahidi huo ni mzito, ila haukuhusu vijusi. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri wajawazito, watoto wa chini ya miaka 6 na wagonjwa wa figo waepushwe amalgamu mpya. Haikushauri vizibo vizima viondolewe, kwani kuviondoa huongeza mvuke kwa muda.