Kazi ya Nyumbani Inayosikilizwa

Mtoto wa Kiislamu wa pwani hurudi nyumbani na kazi mbili. Moja imo begini: daftari la hesabu, kitabu cha Kiingereza, pengine na agizo la kukusanya maboksi na majani makavu kwa ajili ya somo la sanaa. Ya pili ameibeba kifuani, aya tatu au nusu ukurasa, na kesho ataketi mbele ya mwalimu aisome kwa ghaibu. Ile ya kwanza hukaguliwa kwa kalamu nyekundu. Ya pili husikilizwa. Katika shule zetu za msingi za Kiislamu naiona hiyo ya pili ikianza kufanywa kama ya kwanza, na naamini tunapoteza kitu ambacho wazee wetu walikijenga kwa akili nyingi.

Zamani mtoto alipelekwa chuoni akiwa na miaka mitano au sita, akashikwa mkono na babake mpaka mbele ya mwalimu. Alianzia alifu kwa kijiti, akaja kwenye irabu, ndipo akafunguliwa juzuu ya Amma, ambayo chuoni husomwa kutoka nyuma: baada ya Al-Fatiha huja An-Nas, na sura zikaendelea kurefuka mpaka An-Nabaa. Sura 37 hizo ndizo zilizokuwa ngazi ya kwanza. Ubao wa mti uliandikwa kwa wino wa masizi na kalamu ya utete. Darsa likishaingia kichwani, ubao ukaoshwa ukaandikwa jingine. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeeleza maisha ya watu wa Mrima katika Desturi za Wasuaheli iliyochapwa mwaka 1903, habari za chuo alizitia pamoja na za kuzaliwa, jando na harusi. Hapo ndipo mahali pake. Kusoma kulikuwa sehemu ya kulelewa.

Jambo ninalotaka msomaji alitazame vizuri ni namna watoto walivyokaa. Hamsini waliweza kukusanyika kwenye mikeka ya baraza moja, na kila mmoja ana mahali alipofika. Aliyekuwa Al-Bayyina alikaa ubavuni mwa aliyekwama Al-Kafirun, wala hakuna aliyeona ajabu. Hakuvuka mtu sura mpaka mwalimu aridhike. Hazikuwapo alama sitini kwa mia za kumpitisha mtoto pamoja na makosa yake. Sura ama umeimudu, ama unairudia kesho, na kuirudia hakukuwa aibu kwa sababu kila mtu aliwahi kurudi. Matarajio yalikuwa makubwa sana, maana yake ni kusoma bila kosa, lakini muda haukuwa na ukomo. Kila Alhamisi watoto walipeleka senti za mwalimu, Ijumaa chuo hakisomwi, na siku mtoto alipohitimu msahafu, kwao walimtolea mwalimu kilemba, jirani wakaitwa wakala, na mtaa mzima ukajua kwamba fulani bin fulani amehitimu.

Njoo sasa nyumbani, kwani huko ndiko kazi hii inakofanywa hasa. Ipo nyumba moja Kibokoni, Mombasa, ninayoijua. Baada ya Magharibi, msichana wa gredi ya nne huketi mkekani na nyanyake yuko kitini, ungo wa mchele mapajani, anachagua mawe. Msahafu umefungwa juu ya marufaa. Msichana anasoma An-Naziat. Anakwenda vizuri, tena kwa kasi, kwani anataka amalize. Akifika kwenye neno tamma, penye madda ya harakati sita, anapita mbio.

"Rudi," nyanya husema, macho hajayatoa kwenye mchele.

Anarudi, anavuta kidogo.

"Rudi, mwanangu. Vuta mpaka nikwambie basi."

Mara ya tatu anavuta ipasavyo, na nyanya anaendelea na mchele wake. Bibi huyu skuli hakuikanyaga. Ujumbe wa simu husomewa na mjukuu huyo huyo. Lakini kuanzia An-Nas mpaka An-Nabaa hakuna harufu ya kosa itakayompita, kwa sababu naye aliketi mkekani mwa mwalimu wake akaambiwa rudi, rudi, mpaka ikakaa. Kwa muda wa nusu saa hiyo yeye ndiye mwalimu nyumbani, na mjukuu anamtazama kwa jicho ambalo hamtazamii wakati mwingine wowote wa siku.

Kisha hutolewa daftari la hesabu, na nyanya huinuka akaenda jikoni. Mama ndiye anayechukua zamu, naye amerudi kazini amechoka, na nusu ya anachoulizwa hakufundishwa alipokuwa mdogo. Kukiwa na picha ya kuchapishwa, mtu hutumwa saiba. Simlaumu mwalimu wa hesabu. Nasema tu kwamba kazi moja humweka mzee katikati ya nyumba na nyingine humtoa, na shule inayowasomesha watoto wa jamii hii inapaswa kuliona hilo.

Kukutana kwa skuli na chuo kuna historia ndefu, nami nitaipita haraka. Skuli za kizungu zilipoanza, wazee wengi wa pwani waliziogopa, wakihofia mtoto atasomeshwa akaiacha dini. Na hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani skuli nyingi za mwanzo ziliendeshwa na wamishonari. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, katika gazeti lake la Sahifa na kisha Al-Islah miaka ya 1930, aliwahimiza Waislamu watafute elimu ya kisasa na dini waishike. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili ilichapwa nzima mwaka 1969, alikuwa mwalimu wa skuli za serikali Unguja kabla ya kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Katika miaka ya 1980 zilianza Mombasa, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, madrasa za watoto wadogo zilizotia Kurani na michezo ya kujifunzia katika darasa moja, na mpango huo ukafika Zanzibar na Uganda. Zikafuata shule za msingi zinazosomesha mtaala wa taifa na masomo ya dini chini ya paa moja. Hata Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inazitaja madrasa na duksi, yaani vyuo vya Kurani. Unguja na Pemba mambo ni tofauti kidogo: Dini na Kiarabu husomeshwa katika skuli za serikali zenyewe, na katika skuli zinazoingia kwa mikondo miwili, anayesoma asubuhi huenda chuoni mchana, na wa mchana huenda asubuhi.

Shule hizi za paa moja zilikuja kwa nia njema. Mzazi alikuwa amechoka kumwona mtoto akitoka skuli saa tisa unusu, akala wali wa haraka, akavua yunifomu na kuvaa kanzu au buibui, akakimbilia chuoni baada ya Alasiri na kurudi adhana ya Magharibi ikiadhiniwa. Aliambiwa kwamba sasa yote yatakwisha pale pale. Lakini katika nyingi ya shule hizo siku moja ilibebeshwa ratiba mbili bila ya kupunguzwa kitu. Saa moja asubuhi Kurani. Kisha hesabu, Kiingereza, sayansi, Kiswahili. Mchana Fiqhi, Tauhidi, Sira, Hadithi, Akhlaki na lugha ya Kiarabu. Ripoti hutoka mbili mwisho wa muhula, na mtoto husubiri zifunguliwe zote mbili mbele ya babake.

Mzazi naye anataka daktari, na daktari huyo awe hafidhi. Ni ombi zuri, na wapo waliolipata. Ila tulipigie hesabu. Msahafu wa Madina una kurasa 604, mistari 15 kwa ukurasa. Mtoto anayehifadhi nusu ukurasa kwa siku anahitaji siku 1,208 za masomo. Mwaka wa shule wa Kenya ukiwa na wiki kama 39, siku tano kwa wiki, hiyo ni zaidi ya miaka sita, gredi ya kwanza mpaka ya sita yote na kidogo, bila kuumwa wala kusafiri. Na hapo murajaa haijatajwa. Aliyehifadhi juzuu tano ana kurasa kama 100 za kuzilinda zisimtoke. Akirudia nusu juzuu kila siku, ni kurasa kumi juu ya darsa jipya. Mtoto huyo huyo, tangu mtaala wa umilisi uanze mwaka 2019, ana kazi za mradi, na gredi ya sita inamngoja mtihani wa taifa. Ukimwona anasinzia saa mbili usiku juu ya kitabu, usimwite mvivu.

Shule inapobanwa na muda, kinachokatwa kwanza ni kusikiliza. Hapo ndipo ninapoumia. Mtoto hupewa daftari la murajaa lenye vijisanduku: tarehe, sura, aya, saini ya mzazi. Mzazi hutia saini saba Jumapili usiku kwa mkupuo mmoja. Tajwidi, elimu ya ulimi na koo, hutolewa kwenye karatasi ya kujaza mapengo, na mtoto hupata tisa juu ya kumi kwa kuorodhesha herufi za ikhfaa ilhali hajasikiwa na mtu akiitoa. Fiqhi huwa maswali ya kuchagua A mpaka D kuhusu nguzo za udhu. Nimeona mtoto aliyepata alama nzuri kabisa za udhu akisahau kupaka kichwa maji bombani. Mwalimu wake alikuwa darasani akisahihisha karatasi.

Kwa mila yetu mtoto alitarajiwa mambo mengi ambayo hayaingii kwenye ripoti. Akiingia atoe salamu. Viatu avipange vikitazama nje. Msahafu asiushike bila udhu, asiuweke chini, asiunyooshee miguu. Akimkuta mwalimu njiani amwamkie na kumbusu mkono, na akimwona amebeba kikapu amtue. Akitimiza miaka saba aanze kuamrishwa sala, na umri huo ndio huo huo anaokaa gredi ya kwanza au ya pili, kwa hivyo shule na nyumba humshika mtoto kwa wakati mmoja. Mambo haya hayafundishiki kwa zoezi la kuandika. Hufundishwa na mtu aliye karibu anayeona na kusema papo hapo, kama nyanya na lile rudi lake.

Sisemi turudi chuo cha zamani na kila kilichokuwamo. Bakora ilikuwamo, na ilipiga vibaya. Wapo watu wazima leo ambao sura fulani wakiisikia hukumbuka maumivu kabla ya maana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamkinga mtoto na adhabu ya viboko, na kinga hiyo haikomei mlango wa madrasa. Mwalimu anayesema bila bakora watoto hawahifadhi aende akamtazame bibi wa ungo wa mchele.

Tatizo lenyewe ni hesabu ya muda. Kumsikiliza mtoto vizuri, umrudishe na asome tena, ni dakika tano. Darasa la watoto 40 ni dakika 200, zaidi ya saa tatu, na kipindi ni dakika 35. Ustadhi mmoja hawezi, hata awe na ikhlasi kiasi gani, na ustadhi huyo mara nyingi analipwa chini ya mwenzake wa hesabu aliye darasa la jirani. Hilo nalo ni la kurekebishwa; huwezi kuiita Kurani nguzo ya shule halafu mwalimu wake akauze maji jioni ili apate kodi ya nyumba.

Chuo cha zamani kilikuwa na jibu la uhaba huo, na jibu lake liliitwa khalifa. Mwanafunzi aliyetangulia aliwasikiliza wadogo, na mwalimu akabaki na wale wa juu na wale wagumu. Gredi ya sita ya shule yoyote ya namna hii wamo watoto waliohifadhi juzuu kadhaa. Kila mmoja akikabidhiwa wadogo wanne wa gredi ya pili, nusu saa kabla ya Adhuhuri, darasa zima litakuwa limesikilizwa, na khalifa mwenyewe atakuwa amedurusu bila ya kupewa karatasi. Na lile daftari lenye vijisanduku libadilishwe: pahala pa saini ya mzazi liandikwe jina la aliyemsikiliza mtoto usiku ule, awe mama, kaka au nyanya, na pembeni neno ambalo mtoto aliambiwa alirudie. Hesabu ya nyumbani ibaki maswali matano, siku tatu kwa wiki, na usiku wa kuamkia Ijumaa pasiwe na kazi yoyote, kama ilivyokuwa.