Usahihi na Uthabiti: Istilahi za Kupima Ufuatiliaji wa Macho

Istilahi moja ikibebeshwa dhana mbili, mfasiri hupotosha bila kukusudia. Mfano mmoja hupatikana katika taaluma ya kufuatilia mwendo wa macho ndani ya miwani ya uhalisia pepe, yaani kifaa kivaliwacho kichwani na kumwonyesha mvaaji mandhari iliyoundwa na kompyuta.

Kifaa hicho hulimulika jicho kwa mwanga wa infraredi usioonekana. Kamera ndogo hunasa picha ya mboni pamoja na mng'ao wa mwanga huo juu ya konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Kisha kompyuta hukadiria mahali panapotazamwa. Kabla ya hapo mvaaji hutazama nukta kadhaa ili kifaa kisawazishwe na macho yake.

Ubora wa data hizo hupimwa kwa mambo matatu hasa. Kwanza, tofauti, kwa digrii, baina ya nukta inayotazamwa na mahali kifaa kinapopataja. Pili, kutawanyika kwa vipimo hali jicho limetulia. Tatu, kiasi cha vipimo vinavyopotea, kwa mfano mtu anapopepesa. Ni rahisi kuyaita mawili ya kwanza "usahihi". Hilo ni kosa.

Tuchukue mizani ya sokoni. Mizani izidishayo robo kilo kila mara ina uthabiti, lakini haina usahihi. Ile iyumbayo huku na huku haina uthabiti, hata kama wastani wake ni uzito halisi. Kuisawazisha upya huiponya ya kwanza, wala hakuiponyi ya pili.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Watengenezaji wa HTC Vive Pro Eye, iliyotoka mwaka 2019, walitaja kosa la digrii 0.5 hadi 1.1 katika eneo la kati la digrii 20. Digrii moja ni takriban sentimita 1.7 kwa umbali wa mita 1, na sentimita 17 kwa mita 10. Mtafiti asiyezingatia hayo aweza kudai kwamba dereva katika jaribio alimwona mtoto kando ya barabara, kumbe aliitazama nguzo iliyo jirani naye.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi tatu: usahihi, uthabiti na upotevu wa data, kila moja kwa dhana yake. Wasomaji wenye maoni tofauti wanakaribishwa kuyatoa.